Kijiko cha Lumbesa

Kila asubuhi, kabla kengele haijapigwa, huwa najaza maji ya mvua kwenye chupa za plastiki na kuzipanga juu ya meza za maabara, moja kwa kila kikundi. Ni kazi ndogo ambayo hakuna aliyenituma. Naipenda kwa sababu hainidai niseme neno lolote. Maabara yetu zamani ilikuwa stoo ya saruji. Ina madirisha mawili yanayotazama shamba la migomba la shule, na saa hizo ukungu unakuwa bado umelala juu ya kijiji chetu cha Ihanda, mpaka unasikia bodaboda zikipanda kilima bila kuziona.

Asubuhi ile nilikuwa katikati ya kazi hiyo mlango ulipogongwa. Sikuzoea kugongewa saa ile. Maji yakanimwagikia kwenye viatu.

"Hodi, madam. Shikamoo."

"Marahaba, Kemigisha. Karibu. Mbona mapema hivi?"

Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, amekunja magoti kidogo kama wasichana wa kwao wanavyosalimia, mikononi ameshika koti jeupe la maabara. Lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi, mikono yake imekunjiwa ndani kama shati jipya la dukani.

"Nimeleta koti, madam."

"Koti? Si leo mna Kemia kipindi cha tatu?"

"Wenzangu ndio wanayo." Alikuwa akiongea na vifungo vya koti. "Mwalimu Bainomugisha ameniambia nihamie kwa watu wa Historia. Leo saa nane anapeleka kwa mkuu wa shule majina ya wanaoendelea na Kemia, na mimi simo. Ndiyo nikaona nirudishe koti."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Kemigisha alikuwa wa kidato cha tatu, binti wa wafugaji wa kule kwenye mbuga za Kyerwa, na alihamia kwetu muhula wa pili ili akae na shangazi yake Dafroza, aliyeolewa hapa Ihanda kwenye kahawa na migomba. Siku moja tulipokuwa tunaosha chupa pamoja aliniambia kwamba anataka kwenda chuo cha mifugo, awe daktari wa ng'ombe. Aliniambia kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayetaja jina la mchumba. Chuo cha mifugo hakimpokei mtu asiye na Kemia. Alilijua hilo, nami nililijua. Kwa hiyo lile koti alilolishika lilikuwa ndiyo safari yake yote.

Nikasema, "Sawa."

Ndivyo nilivyo. Maneno yangu mazuri huja nikishafika nyumbani.

Aliliweka koti mezani taratibu. Kisha akabaki amesimama, anatazama chupa za maji, anatazama mlango, kama mgeni aliyemaliza chai na bado hajaaga. Mwishowe akasema, "Haya, madam. Asante," akaondoka. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe, polepole, mpaka vikapotelea upande wa madarasa.

Nilipolichukua koti nikalitundike msumarini, nilihisi kitu mfukoni. Kilikuwa kifurushi kidogo cha jani la mgomba lililokauka, kimefungwa kwa uzi wa jani hilohilo. Ndani mlikuwa na kahawa ya kutafuna, zile punje zinazochemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa, ambazo kwetu mgeni hupewa kabla hajaulizwa kilichomleta. Nikakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Mama yangu kule Rubwera hajawahi kurudisha bakuli la jirani likiwa tupu. Hata akikosa kabisa, atatia vitunguu viwili. Mtoto huyu anafukuzwa darasani, na bado hakuweza kurudisha koti likiwa mfuko mtupu.

Nikainuka kwenda ofisini kwa mwalimu Bainomugisha kabla moyo haujapoa.

Lazima nieleze vizuri mwalimu huyu ni mtu gani, maana ni rahisi kumwona mbaya katika habari hii, na si mbaya. Mimi nilipotoka chuo cha ualimu na kupangiwa shule hii, sikuwa nimewahi kuona mtu anayefundisha Kemia kwa karibu bure. Siku za gulio hupita kwa wauza chipsi na chapati wa senta, anakusanya maganda ya mayai kwenye mfuko wa sukari. Anayaosha, anayaanika juu ya bati, anayatwanga kwenye kinu cha mke wake, na huo ndio unakuwa unga wetu wa kalsiamu kaboneti. Maputo ya sherehe za watoto ndiyo vyombo vyetu vya kukusanyia gesi. Chupa zetu ni za soda. Kitu kimoja tu hawezi kukitengeneza mwenyewe, nacho ni tindikali. Hiyo hununuliwa mjini, hufika mara chache, na yeye huilinda kwa ufunguo anaoutembeza shingoni kama rozari.

"Kaa, madam Joviness," aliniambia. "Una sura ya mtu aliyekuja kuomba ruhusa ya msiba."

"Hapana, mwalimu. Ni Kemigisha."

"Aa." Akavua miwani. "Huyo nimemfikiria sana. Usidhani nimemkata kama gugu."

Akavuta rundo la karatasi za jaribio la vitendo na kutoa moja. Jaribio lilikuwa juu ya vitendanishi, yaani ukichanganya vitu viwili, kipi kinaisha kwanza na kusimamisha kazi yote, na kipi kinabaki. Kila mwanafunzi alipewa chupa nne zenye tindikali kiasi kilekile. Chupa ya kwanza anatia unga wa maganda ya mayai kijiko kimoja, ya pili viwili, ya tatu vitatu, ya nne vinne. Kila chupa inavishwa puto mdomoni. Unga ukikutana na tindikali gesi inatoka, puto linajaa, unalizungushia uzi na kupima unene wake.

"Puto linatakiwa likue mpaka chupa ya tatu," alisema mwalimu. "Hapo tindikali imekwisha. Chupa ya nne hata ukitia unga zaidi, puto ni lilelile. Darasa zima wamepata tatu. Huyu peke yake puto lake limesimama kwenye chupa ya pili. Ya pili, ya tatu, ya nne, yote sawa. Na lile swali la gramu ameliacha wazi, halina hata mkwaruzo wa kalamu. Sasa niambie, nimpeleke kwenye mtihani wa taifa akaanguke huko? Historia anaiweza. Mtoto ana akili ya kukumbuka mambo."

Alisema hayo kwa huruma, na huruma yake ilinifunga mdomo zaidi kuliko ambavyo ukali ungenifunga. Nikaichukua karatasi ili mikono yangu ipate kazi. Kwenye karatasi za wengine nilizoziona juu ya meza kulikuwa na namba tu, safi, zimepangwa. Kemigisha alikuwa amechora chupa zake zote nne, na chini ya kila moja amechora kilichobaki. Chupa ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, unga kidogo. Ya tatu, zaidi. Ya nne, tabaka nene kabisa, na pembeni ameandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza kilimwishia: *bado mweupe, umetulia, hautoi povu.*

"Mwalimu," nikasema, "puto lake na unga wake vinakubaliana."

"Sema kwa sauti, madam. Masikio yangu ni ya zamani."

"Nasema vinakubaliana. Puto limesimama kwenye ya pili, na unga umeanza kubaki kwenye hiyohiyo ya pili. Kama angekuwa amebuni namba, angebuni puto. Asingekumbuka kubuni na unga wa chini."

Akaipokea karatasi, akairudisha miwani usoni, akatazama kwa muda. Nje kengele ya asubuhi ikapigwa na watoto wakaanza kuimba wimbo wa taifa, nasi tukasimama palepale ofisini, wima, yeye na karatasi yake mkononi. Wimbo ulipoisha akasema:

"Arudie. Mapumziko ya saa nne, mbele yangu. Lakini chupa nne tu, madam, sina nyingine. Tindikali iliyobaki ni ya mtihani wa kidato cha nne, na hiyo hata mama mkwe wangu akiiomba simpi."

Saa nne habari zilikuwa zimeshaenea. Madirisha yote mawili yalikuwa yamejaa vichwa. Edith, kiranja wa darasa, msichana mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, alikuwa ameingia ndani kabisa kwa kisingizio cha kuleta uzi wa kupimia.

"Kemi!" aliita. "Historia imekushinda kwa vipindi viwili tu? Wenzako tunavumilia miaka!"

"Wewe Edith, uzi umeshafika. Miguu yako inangoja nini?" alisema mwalimu.

"Nangoja kuurudisha, mwalimu."

Vichwa vya dirishani vikacheka. Kemigisha hakucheka. Alivaa koti nililomshushia msumarini, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni, akanawa mikono. Mwalimu akapima tindikali mwenyewe, chupa baada ya chupa, ameinama mpaka jicho likawa sawa na mstari wa kipimo, kisha akarudi nyuma na kukunja mikono.

Nimewaona wanafunzi wengi wakifanya jaribio hili. Wengi huangalia puto, kwa sababu puto ndilo linalofurahisha. Kemigisha aliangalia chini. Kila alipomwaga unga na kuvisha puto, aliinama hadi pua ikawa karibu na meza, akatazama punje zinavyoyeyuka ndani ya povu, na midomo yake ikawa inatembea kidogo. Baadaye nilikuja kujua kwamba ndivyo wanavyomtazama ndama mgonjwa kwao. Wanamwinamia kimya, hawampapasi ovyo, wanangoja aonyeshe mwenyewe anapoumia.

Puto la kwanza likajaa kiasi. La pili likajaa zaidi, likasimama wima kama tikiti changa. La tatu likajaa.

Edith akazungusha uzi, akapima, akapima tena. Sauti yake ikashuka.

"Sawasawa na la pili, mwalimu."

La nne pia lilikuwa sawa na la pili. Dirishani mtu akasema "Ah!" kama aliyeona mpira ukipita juu ya goli. Mtoto amepewa nafasi moja, na amepata kosa lilelile mbele ya macho ya watu wote.

Kemigisha alichukua kalamu. Alichora chupa nne. Akachora unga wa chini, kidogo, zaidi, tabaka nene. Akaandika kwamba puto limesimama kwenye chupa ya pili.

Mwalimu Bainomugisha alikuwa anasoma juu ya bega lake.

"Kemigisha. Jibu linalotakiwa unalijua?"

"Nalijua, mwalimu. Ni chupa ya tatu. Wenzangu waliniambia."

"Na karatasi hii ndiyo itakayoamua kama unabaki. Hilo unalijua?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa nini basi umeandika ya pili?"

Alimtazama mwalimu kwa mshangao wa kweli, kama aliyeulizwa kwa nini amesema mvua inanyesha.

"Puto limesimama kwenye ya pili, mwalimu."

Nilisoma miaka mitatu chuoni, tukifundishwa kwamba sayansi ni kuandika ulichokiona, na nilijibu swali hilo kwenye mitihani nikapata alama zote. Sikuwahi kumwona mtu akilifanya jambo hilo na huku linamgharimu. Nilitamani kumshika mkono.

Na hapo ndipo macho yangu yalipoangukia mkono wenyewe. Alikuwa bado ameshika kijiko, kile kijiko kidogo cha dawa ya watoto tunachokitumia kupimia. Nikakumbuka nilichokuwa nimekiona muda wote bila kukiona. Nikakumbuka na kifurushi cha kahawa.

"Kemigisha," nikasema. Vichwa vyote vya dirishani vikanigeukia, nami nikahisi masikio yakiwaka. "Hebu nipimie mimi kijiko kimoja. Hapa kwenye karatasi."

Akachota. Unga ulipanda juu ya kijiko kama kichuguu. Akakileta taratibu usimwagike, akaumimina kwenye karatasi. Kisha, bila kufikiri, akaingiza vidole viwili kwenye kopo la unga, akabana kidogo na kunyunyizia juu.

"Hicho cha mwisho ni cha nini?"

Akavitazama vidole vyake. Nadhani hata yeye hakuwa anajua kwamba anafanya hivyo.

"Ni... si nyongeza, madam?"

"Na kijiko mbona umekijaza hivyo?"

"Madam, nikupimie kijiko kilichofutwa juu?" Uso wake uliiva kwa aibu. "Huo si uchoyo? Shangazi angenichapa."

Mwalimu Bainomugisha alianza kucheka kwa tumbo kabla sauti haijatoka. Akavua miwani, akafuta macho kwa kiganja.

"Kijiko cha lumbesa!" alisema. "Jamani! Serikali kila msimu inapiga vita lumbesa, magunia ya mazao yaliyojazwa kupita kipimo, kumbe nyingine imejificha kwenye maabara yangu!"

Dirishani wakaangua kicheko. Edith alikuwa ameinamia meza, anaipigapiga. "Kemi! Yaani hata chupa umeikaribisha!"

"Nyamazeni," alisema mwalimu, lakini alikuwa bado anacheka. "Na wewe Edith usicheke sana. Mama yangu aliuza maharage kwenye gulio la Igurwa maisha yake yote. Alijaza kopo mpaka yanaporomoka, kisha anaongeza konzi moja, anasema hii ya mtoto. Mteja hata kama hana mtoto! Angeletwa hapa leo angepata jibu la Kemigisha." Akageukia dirishani. "Ninyi wengine mlipima vipi?"

"Tulifuta kwa rula, mwalimu," alisema Edith. "Ulituonyesha muhula wa kwanza."

"Muhula wa kwanza." Mwalimu akamgeukia Kemigisha polepole. "Na wewe ulikuja muhula wa pili. Na mimi kwenye swali nimeandika kijiko kimoja. Sikuandika kimefutwa."

Akapiga hatua hadi dirishani na kurudi. Vijiko viwili vya Kemigisha vilikuwa na unga unaozidi vitatu vya wenzake. Kwa hiyo tindikali yake iliishia kwenye chupa ya pili kweli, na kila alichokichora kilikuwa sahihi kwa unga alioutia.

"Kupima utajifunza kwa dakika moja," alisema mwalimu, "rula ile pale. Lakini kuna jambo rula haiwezi kukufundisha. Unaweza kunionyesha kwamba ni tindikali iliyoisha? Labda ni unga wako uliochoka. Labda puto limegoma kutanuka. Chupa nyingine sikupi."

Kemigisha akafikiri. Aliinama tena, akazitazama chupa zake nne zilizotulia. Mapumziko yalikuwa yanakwisha na nilisikia wapishi wakigonga sufuria za uji.

"Sihitaji chupa nyingine, mwalimu," alisema. "Nipe matone tu."

Mwalimu alimtazama. Kisha akashika ufunguo shingoni, akafungua kabati, akatoa ile chupa ambayo hata mama mkwe wake asingeipata. Akavuta tindikali kidogo kwa bomba la kudondoshea na kumkabidhi.

Kemigisha alivua puto la chupa ya nne, gesi ikatoka na mlio wa kuudhi, watoto wakacheka. Akadondosha. Ule unga uliokuwa umelala chini, mweupe, kimya, ukaamka. Povu likapanda, likachemka kwa sauti kama mafuta yaliyotiwa kitunguu, kisha likatulia tena.

"Unga ulikuwa bado unataka," alisema. "Ni tindikali iliyoisha."

Mwalimu Bainomugisha alivuta stuli akakaa. Nilimjua kiasi cha kutambua kwamba akikaa, amefurahi.

"Sasa lile swali la gramu. Uliliacha wazi. Nikikupa gramu za unga na gramu za tindikali, utajuaje kipi kitaisha kwanza? Wenzako wengi wamechagua chenye gramu chache. Wamekosa wote, akiwemo kiranja."

"Mwalimu!" alisema Edith.

Kemigisha akasokota kifungo cha koti.

"Kwa Kiswahili," nilimwambia. "Sema kama ungekuwa unamwambia shangazi."

"Kwetu," alianza, "ng'ombe mmoja anakamuliwa na watu wawili. Kaka anakamua, mimi namshika ndama, maana ndama asiposimama pale mbele mama haachii maziwa. Tukiwa watu wanne, ng'ombe wawili tu ndio wanakamuliwa, hata zizi likijaa. Waliobaki wanalia tu." Akatazama juu kuona kama anachekwa. "Ng'ombe mmoja ana uzito zaidi ya sisi wanne. Lakini uzito hausaidii kitu. Unahesabu vichwa, na unajua kila kichwa kinataka wangapi. Niliona swali linauliza gramu, nikaona haziniambii vichwa ni vingapi. Sikujua namna ya kuzigeuza, nikaacha."

"Kuzigeuza gramu kuwa vichwa ndiyo kazi ya mole," alisema mwalimu taratibu. "Hicho tu ndicho kilichokosekana. Na unga wetu huu, kila kichwa kinataka tindikali mbili. Kama ng'ombe wako na watu wawili." Kisha akamtega, kama kawaida yake. "Lakini mkimaliza hao wawili, si mnahamia kwa wengine? Mbona tindikali haikuhamia kwa unga uliobaki?"

Alijibu mara moja.

"Sisi tunarudi, mwalimu. Tindikali hairudi."

Mwalimu akanitazama mimi, na katika macho yake niliona imani ileile niliyokuwa nayo mimi kwa mtoto huyu tangu asubuhi. Hata wale wa dirishani ambao hawakuelewa waliona kwamba kuna kitu kimetokea.

"Haya," alisema, akasimama, akajipangusa suruali. "Kwa hiyo, Kemigisha. Unataka Kemia?"

"Mwalimu akiona inafaa."

"Sikuuliza mimi naona nini."

"Uamuzi ni wenu walimu." Magoti yakakunjika tena kidogo. "Mimi nitakubali lolote."

Ndivyo tulivyolelewa, yeye na mimi. Binti hadai. Anakaa karibu na kitu anachokitaka, anangoja watu wamwone. Nilimsikia nikaisikia ile "sawa" yangu ya asubuhi, na nilivyomwacha atembee juu ya changarawe peke yake.

Mwalimu alikuwa amefika mlangoni. "Jina naliandika mimi," alisema, "lakini siandiki jina la mtu asiyejitaja. Kemia ina siku nyingi mbaya. Wa kubaki kwa hisani yangu hatafika. Kengele inapigwa sasa hivi, madam. Mimi naenda ofisini."

Kemigisha alianza kufungua vifungo vya koti. Akaanza na cha shingoni, akashuka. Alikuwa anatabasamu kwa adabu, tabasamu la kuaga.

Nikamwendea. Nikaushika mkono wake juu ya kifungo cha tatu, jambo nililotamani kulifanya muda mrefu.

"Kemigisha, nimeiona kahawa mfukoni. Asante." Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. "Asubuhi ulisema umeleta koti. Mimi nikasema sawa, na haikuwa sawa. Sasa nakuuliza. Ulikuja kufanya nini?"

Alinitazama. Mwalimu alikuwa amesimama kizingitini, amegeuka nusu. Kengele ikapigwa, na hakuna kichwa hata kimoja kilichoondoka dirishani.

"Nilikuja mnikatalie," alisema. Kwanza kwa sauti ya chini, ile ya siku ya kuosha chupa. Kisha akavuta pumzi, akajiondoa mkononi mwangu, akakirudisha kifungo cha tatu, cha pili, na cha shingoni. Akamgeukia mwalimu, magoti yamenyooka.

"Sikutaka kurudisha koti, mwalimu. Nilitaka mseme halirudi. Mimi nataka Kemia."